Podi 88, anwani 1,024, na klasta inasema nafasi zimeisha. Wajuzi njooni

Fundi Kibirizi
Jumatano, 4 Septemba 2024, saa 12:40 asubuhi

Wakuu, habari za asubuhi. Sijalala. Naandika nikiwa nimekalia ndoo iliyogeuzwa hapa mwaloni Kibirizi, Ziwa Tanganyika, laptopu ina asilimia 19.

Kwa wasiojua, mimi na wenzangu wawili tuna mfumo mdogo wa kupokelea dagaa. Mtumbwi ukishusha, mzigo unapanda mizani, uzito unaingia wenyewe, karani anagonga jina la mwenye mali kwenye simu, na mnunuzi aliyeko Dar anaona kilo na bei hapo hapo. Mfumo unakaa kwenye Kubernetes (inaendesha vipande vya mfumo, ndizo podi, juu ya mashine kadhaa, ndizo nodi; zote pamoja ni klasta), ile ya Google, GKE, upande wa Johannesburg.

Klasta niliijenga Juni, ziwa likiwa limefungwa kwa uvuvi. Mnakumbuka lilifungwa tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Nikajaribu kwa data za kutunga, nodi tatu, kila kitu safi. Ziwa likafunguliwa mwezi ukiwa unakaribia kujaa, na wa huku mnajua kwamba mbalamwezi ikiwaka taa haivuti dagaa, kwa hiyo waliotoka walikuwa wachache. Nodi tatu zikatosha tena. Nikajipongeza.

Sasa ni giza. Usiku wa kuamkia leo mwezi haukuonekana kabisa, taa zimejaa ziwani utadhani mji wa pili umehamia majini. Kuanzia saa tisa mitumbwi ikaanza kushusha mfululizo. Nodi ya nne ikawaka yenyewe kama nilivyoiagiza. Ya tano haikuwaka. Podi 31 zimekaa Pending, yaani zinasubiri nafasi. Karani karudi kwenye daftari la kaunta, na mzee mmoja mwenye mitumbwi mitatu kaniuliza mbele za watu, "Hiyo kompyuta yako nayo inaogopa giza?"

Logi inasema IP_SPACE_EXHAUSTED, yaani anwani zimeisha. Mpangilio wangu ni huu:

nodi: 10.20.0.0/24
podi: 10.20.4.0/22
huduma: 10.20.8.0/22

Slashi 22 ni anwani 1,024. Podi zinazotembea ni 88. 1,024 toa 88 zinabaki 936. Zimeenda wapi?

Mwanga Sokoni

Zimeliwa na migebuka.

Ngoja waje wajuzi, naweka kambi hapa.

Karabai

Mimi ni mnunuzi tu, nimeona Kibirizi kwenye jina la mwandishi nikaingia nikidhani ni bei. Lakini sasa nimeshaingia: slashi 22 ndiyo nini?

Dada Nodi

Fundi pole. Kabla sijasema lolote, tupia majibu ya hii:

`kubectl get nodes -o custom-columns=NODI:.metadata.name,FUNGU:.spec.podCIDR`

Karabai, anwani ya mtandao, hii ya IPv4, ni biti 32. Slashi 22 maana yake biti 22 za mwanzo zimefungwa, hazibadiliki, umebakiwa na 10 za kuchezea. Mbili kwa kipeo cha kumi ni 1,024. Namba ya slashi ikipanda kwa moja fungu linakatwa nusu, ikishuka kwa moja linakuwa mara mbili. Ndiyo maana linachanganya watu: slashi 24 ni ndogo kuliko slashi 22.

Fundi Kibirizi

Hii hapa dada. Majina nimeyafupisha.

nodi-1  10.20.4.0/24
nodi-2  10.20.5.0/24
nodi-3  10.20.6.0/24
nodi-4  10.20.7.0/24

Duh. Subiri. Kila nodi imechukua 256?

Dada Nodi

Ndiyo, na jibu lako lote liko kwenye mistari hiyo minne. Baada ya 10.20.7 inafuata 10.20.8, na hiyo umeipa huduma. Umefika ukutani.

Wewe ulihesabu abiria, Google anahesabu mabehewa. Nodi inapozaliwa haiji kuomba anwani moja moja kadiri podi zinavyokuja. Inachukua behewa zima, inafunga mlango, na viti vilivyobaki humo ndani havimfai mtu mwingine yeyote. Behewa lako lina viti 256, ndani wamekaa abiria 22, na nodi ya tano imesimama nje na mizigo yake.

Kwa nini 256? Kwa sababu usipogusa kitu, GKE inaruhusu podi 110 kwa kila nodi, halafu inatenga anwani zisizopungua mara mbili ya hizo, ili podi inapokufa na nyingine kuzaliwa, anwani ya marehemu isivaliwe papo hapo na mgeni wakati bado kuna wanaomtafuta marehemu. Mara mbili ya 110 ni 220, na fungu dogo linaloweza kubeba 220 ni slashi 24. Slashi 22 ina slashi 24 nne tu. Nodi nne, basi. Ungekuwa na podi 5 au 400, jibu ni lile lile.

Nikuongezee jambo ambalo bado halijakukuta. Hata kama nodi nne zingekutosha, ungekwama siku ya kusasisha toleo. GKE ikisasisha, kwa kawaida inawasha nodi moja ya ziada kwanza, inahamishia podi huko, ndipo inazima ya zamani. Nodi nne kati ya nne, hiyo ya ziada inakaa wapi?

Fundi Kibirizi

Dada umenimaliza. Sasa nafanyaje SAA HII? Kuna mitumbwi mingine inakuja, naisikia injini.

Mzee wa Slashi Nane

Dogo futa hiyo klasta jenga nyingine. Weka fungu kubwa ulale. Mimi nikijenga sihesabu hesabu, GKE ukiiachia ipange yenyewe inatoa slashi 14 kwa podi, anwani 262,144, nodi 1,024 hizo. Anwani za ndani ni bure, unabania nini? Mnabania anwani kama mnanunua kwa kilo.

Dada Nodi

Mzee, shikamoo, lakini mtu yuko mwaloni na mitumbwi inashusha, wewe unamwambia afute klasta?

Fundi, sikiliza. Fungu la podi huwezi kulipunguza wala kulihamisha, ila unaweza kuongeza fungu la pili pembeni. Hilo lifanye ukiwa umelala vizuri, maana lina mambo yake. Kwa saa hii badilisha ukubwa wa behewa. Idadi ya podi kwa nodi inapangwa kundi la nodi linapoundwa, haibadilishwi baadaye, kwa hiyo unaunda kundi jipya:

`gcloud container node-pools create giza --cluster=dagaa --max-pods-per-node=32 --num-nodes=0 --enable-autoscaling --min-nodes=0 --max-nodes=12`

Podi 32 mara mbili ni 64, hiyo ni slashi 26. Lakini kwa sasa hakuna hata slashi 26 moja iliyo wazi, kwa hiyo inabidi nodi moja ya zamani iondoke kabisa. Chagua yenye podi chache, ifungie kwa `kubectl cordon`, itoe watu kwa `kubectl drain` ukiweka `--ignore-daemonsets`, halafu ifute nodi hiyo hiyo, kundi la zamani libaki na kikomo cha nodi tatu. Behewa lake la 256 litarudi, na ndani yake zitaingia nodi mpya nne. Unamtoa mmoja unaingiza wanne.

Ukija kuhamisha zote nne, slashi 22 yako ile ile itabeba nodi 16.

Ila angalia, nafasi 32 si zote zako. Kila nodi ina podi za mfumo wenyewe, za logi, za DNS, za mtandao. Zihesabu kwanza. Na mashine zako ni ndogo, sidhani kama hata 32 utazijaza, kumbukumbu itaisha kabla.

Mwanga Sokoni

Huyu dada ni mhandisi au mganga?

Fundi Kibirizi
saa 2:15 asubuhi

Imekubali. IMEKUBALI. Nodi-2 nimeitoa, nikakaa dakika kadhaa roho mkononi, kisha zikawaka mbili mpya, 10.20.5.0/26 na 10.20.5.64/26. Pending imeshuka kutoka 31 hadi sifuri. Mzee wa mitumbwi mitatu kapata ujumbe wake wa kilo, kausoma mara mbili, kaenda kuulinganisha na daftari la karani. Zimelingana. Hakusema kitu.

Naenda kulala. Jioni naendelea.

Mtu wa Kapiteni

Nimechelewa, ila niwatahadharishe wa AWS, wingu la Amazon, msije mkachukua hesabu hii mkaipeleka EKS, Kubernetes ya kule. Kule mtindo ni mwingine. Podi inapewa anwani halisi kutoka kwenye subneti (kipande cha mtandao) yenyewe, na idadi inategemea mashine ina kadi ngapi za mtandao na kila kadi inabeba anwani ngapi. Kwa m5.large ni kadi 3 zenye anwani 10 kila moja, podi 29. Subneti ya slashi 24 ina 256, AWS wanakata 5, zinabaki 251. Na nodi ina uchoyo wake: inapenda kushika kadi nzima ya akiba ikiwa tupu, ili podi mpya isisubiri. Kwa mashine kubwa zaidi unaweza kukuta nodi tano zimemaliza subneti huku podi zinahesabika kwa vidole. Kuna mpangilio wa kuizuia, kuna pia wa kugawa kwa vifungu vya slashi 28. Usomwe kabla ya kujenga.

Karabai

Kwa hiyo kila kampuni ina namna yake ya kupoteza viti. Sawa na mabasi.

Mzee wa Slashi Nane

Marahaba binti. Lakini bado hujanijibu. Angeweka slashi 14 tangu Juni, haya yote yangetokea?

Dada Nodi

Yasingetokea haya, yangetokea mengine. Fungu la 10 zima lina slashi 14 ngapi? 64. Zinaonekana nyingi mpaka uwe na klasta ya kazi, ya majaribio, ya mteja mwingine, halafu uunganishwe na benki au ofisi ya serikali ambayo nayo inatumia 10 kila kona. Hapo ndipo utajua kama anwani ni bure.

Mimi tatizo langu si ukubwa wa fungu, ni majirani. Fundi, nijibu ukiamka: hiyo mizani inafikaje Johannesburg?

Fundi Kibirizi
saa 11:30 jioni

Nimeamka. Mizani ziko mbili, moja hapa mwaloni, nyingine stoo yetu Mwanga. Ya mwaloni inasukuma yenyewe kupitia simu ya karani. Ya stoo ni ya zamani, inakaa kimya mpaka iulizwe, kwa hiyo podi moja inaiuliza kila sekunde mbili. Stoo imeunganishwa na wingu kwa WireGuard, aina ya VPN, njia ya faragha kupitia intaneti. Mtandao wa stoo ni 192.168.40.0/24.

Dada Nodi

Wewe 40 uliichagua mwenyewe?

Fundi Kibirizi

Hapana, aliyetufungia ruta aliweka tu. Sikuuliza.

Dada Nodi

Mshukuru. Angeacha ya kiwandani ingekuwa 0, 1 au 100, kama nusu ya maruta ya mji.

Mnyamwezi wa Isevya

Mwangaluka wakuu. Hapo kwenye majirani naomba nafasi, maana nina kovu.

Mimi niko Tabora. GKE sina, naendesha klasta yangu kwenye seva tatu za kukodi, kubeadm ya kujengea klasta na Calico ya mtandao wa podi juu yake. Mwanzoni nilifuata maelekezo mstari kwa mstari, fungu la podi nikaliacha lile linalokuja na Calico, 192.168.0.0/16. Mteja wangu ana ghala la asali. Kuna printa inayotoa stika za madumu: uzito, tarehe, kijiji asali ilikotoka. Printa iko 192.168.1.50. Nikaunganisha ghala na klasta kwa VPN.

Nikiwa kwenye nodi, napingi printa (naiita mtandaoni nione kama ipo), inajibu. Nikiingia ndani ya podi, napingi, kimya. Nodi ni ile ile, waya ni ule ule! Nilibadilisha waya. Nilibadilisha printa. Nikampigia mtoa huduma wa intaneti nikamsema vibaya, na sikuwahi kumpigia tena kumwomba radhi. Siku mbili zikaenda.

Iko hivi. Podi inapozungumza na mtu wa nje, Calico inaivua anwani yake na kuivalisha ya nodi, ili huko nje wapate pa kurudishia jibu. Inajuaje kwamba huyu ni wa nje? Inaangalia kama anwani anayokwenda iko ndani ya fungu la podi au haiko. Sasa 192.168.0.0/16 inameza 192.168 yote, kuanzia 0.0 hadi 255.255. Printa ya mteja wangu ikahesabiwa ni podi mwenzetu. Pakiti ikaondoka na anwani ya podi kama ilivyo, 192.168.77 na kitu. Printa ikajibu, jibu likafika kwa ruta ya ghala, ruta haina habari ya 77, likafia hapo. Kutoka kwenye nodi ilikubali kwa sababu nodi ina anwani yake nyingine kabisa.

Hapa stesheni kwetu treni ya bara ikifika, mabehewa ya Mwanza na ya Kigoma yanatenganishwa. Fikiria kuna kituo njia ya Mwanza na kituo njia ya Kigoma, vyote vimeandikwa jina moja. Dumu lako litapandishwa upande wowote, na karani wa mizigo hatakuwa amekosea.

Nilijenga klasta upya kwa 10.77.0.0/16. Usiku mzima, na madumu yalikuwa yanasubiri stika.

Mtu wa Kapiteni

Uko sahihi mkuu. Na kubeadm ina mtego mwingine: fungu la huduma linalokuja nayo ni 10.96.0.0/12. Watu wanaona 96 wanadhani inaishia 10.96. Slashi 12 hiyo inakwenda mpaka 10.111.255.255. Ofisi ikiwa 10.100 umeshagongana nayo na hujui. Wa k3s, Kubernetes ile nyepesi, zenu ni 10.42 kwa podi na 10.43 kwa huduma. Na msisahau Docker kwenye laptopu zenu imekalia 172.17.

Kijana wa Gungu

Si mhamie IPv6 tu? Anwani haziishi. Kubernetes inabeba IPv4 na IPv6 kwa pamoja rasmi tangu toleo la 1.23, Desemba 2021.

Fundi Kibirizi

Kaka, njoo uielezee mizani ya stoo. Ina kioo cha tarakimu sita na kitufe kimoja.

Karabai

😂😂 Mizani nyingine mtu akiegemea meza inasoma kilo mbili, leo mnataka iongee IPv6.

Swali langu la pili: hizo anwani za huduma ni za nini, kama podi zina zake?

Dada Nodi

Podi inakufa muda wowote na anwani yake inaondoka nayo. Huduma ni jina la duka: wauzaji wanabadilishana zamu, bango linabaki. Anwani yake haipo kwenye kadi yoyote ya mtandao, ni kanuni tu zilizoandikwa ndani ya kila nodi kwamba anayekwenda hapa mpeleke kwa podi mojawapo ya hizi. Ndiyo maana ukiipingi mara nyingi haijibu, na watu wanadhani imekufa.

Fundi, fungu lako la huduma ni 1,024 na una huduma ngapi, kumi na tano? Liache.

Fundi Kibirizi
Ijumaa, 20 Septemba 2024, usiku

Nimerudi na mrejesho, na aibu kidogo.

Nilisubiri mbalamwezi. Mwezi ulijaa tarehe 18, mitumbwi mingi imepumzika, nikajiambia hizi ndizo siku za kufanyia ukarabati. Kwanza nikakaa na karatasi. Nikaandika kila mtandao unaotugusa: wingu, stoo, nyumbani kwangu ninakofanyia kazi, na mtandao wa mnunuzi mkubwa wa Dar anayetaka kuunganishwa mwakani. Yeye anatumia 10.0 mpaka 10.15, nilimuuliza mtu wao wa kompyuta, akashangaa kuulizwa. Nikakumbuka pia kwamba Google, mtandao ukiwa wa kujigawa wenyewe, subneti zake zinakaa ndani ya 10.128.0.0/9, kwa hiyo nikabaki chini ya 128. Nikachagua 10.24.0.0/18. Anwani 16,384, kwa mabehewa ya 64 ni nodi 256, sitazifikia hata dagaa wakianza kuruka wenyewe nchi kavu.

`gcloud compute networks subnets update mwalo --add-secondary-ranges=podi2=10.24.0.0/18`

Kisha kundi jipya la nodi, `--pod-ipv4-range=podi2`, podi 32 kwa nodi. Likawaka. Nikahamisha podi taratibu. Mwaloni safi. Nikaenda kula.

Kurudi, stoo haionekani. Mizani ya Mwanga imekufa kwenye ramani. Cha ajabu, podi ya kuuliza mizani nikiirudisha kwenye nodi ya zamani inapata uzito, nikiipeleka kwenye nodi mpya, kimya. Nikaenda stoo kwa bodaboda nikaikuta mizani inawaka, imeandika 0.00, haina shida na mtu.

Nikafikiri ni ugonjwa wa Mnyamwezi, nikapitia mafungu yote mara tatu. Hakuna linalogongana. 10.24 na 192.168.40 hazijuani kabisa.

Na hapo ndipo tatizo lilipo, hazijuani! Kwenye ruta ya stoo, WireGuard ina mstari huu wa anwani zinazoruhusiwa, niliouandika mwenyewe Juni:

AllowedIPs = 10.20.0.0/20

Slashi 20 hiyo inaanzia 10.20.0.0 inaishia 10.20.15.255. Nodi zimo, podi za zamani zimo, huduma zimo. 10.24 haimo. Na WireGuard pakiti ikitoka kwenye anwani isiyo kwenye orodha inaitupa kimya kimya, haiandiki popote, hairudishi neno. Nikaongeza `, 10.24.0.0/18`, nikawasha upya, bado kimya. Kufuatilia wingu nikakuta na fayawoli upande wa mashine ya VPN nayo ilikuwa na 10.20 peke yake; nikaongeza 10.24, mizani ikasoma. Hiyo niliibahatisha kuiona, vinginevyo ningekuwa hapo mpaka sasa.

Dada Nodi

Hilo nilipaswa kukwambia siku ile nilipotaja fungu la pili kuwa lina mambo yake. Samahani.

Kwa wengine watakaosoma: GKE, tofauti na ile Calico ya Mnyamwezi, haivui anwani ya podi inapokwenda kwenye mitandao ya ndani kama 10 au 192.168. Podi inafika stoo na sura yake mwenyewe. Kwa hiyo kila fungu jipya la podi ni mgeni mpya mlangoni, na lazima kila mlango njiani uambiwe: VPN pande zote mbili, fayawoli, na njia ya kurudi.

Mzee wa Slashi Nane

Nimesoma yote. Hapo kwenye kumuuliza mtu wa Dar anatumia anwani gani, nakubali, sijawahi kumuuliza mtu. Ila slashi 14 yangu siiachi.

Mnyamwezi wa Isevya

Mzee usiiache, ila usiniunganishie.

Fundi Kibirizi
Alhamisi, 3 Oktoba 2024, saa 1:05 asubuhi

Giza la pili. Usiku huu zimefika nodi 7 saa kumi alfajiri, sasa zimeshuka 4. Pending hakuna. Nodi za zamani zote nimeshazizima, 10.20.4.0/22 iko tupu, nimeiacha hivyo hivyo kama shamba la kupumzika.

Yule mzee kaniletea debe la dagaa. Karani bado anaandika kwenye daftari pia, sijamkataza.

Mwanga Sokoni

Debe moja? Na Dada Nodi anapata nini?

Fundi Kibirizi

Nusu yake inapanda treni leo. Dada nitumie jina la stesheni huko inbox.

Karabai

Wakuu nami nina swali kabla uzi haujafungwa. Nimeenda kugeuza ruta ya stoo yangu hapa Ujiji, chini kuna stika imeandikwa 192.168.1.1. Fundi anataka kuniunganisha kwenye mfumo wake wiki ijayo. Niiache au nibadilishe?

Mnyamwezi wa Isevya

BADILISHA.

Dada Nodi

Badilisha leo hii, ukiwa bado na printa moja na simu mbili. Hiyo namba ya tatu weka yoyote isiyo 0, 1, 100 wala 40 ya Fundi. Halafu iandike kwa kalamu juu ya ile stika.

Karabai

Nimeweka 73. Printa imepotea.

Dada Nodi

Izime uiwashe.

Karabai

Imerudi.